Kabla ya kumfukuza fundi, ulizeni wateja waliambiwa nini

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyotoa juma lililopita kuhusu huduma ya mtandaoni iliyozimika nusu siku kwa sababu fundi mmoja alikosea amri aliyoiandikia kompyuta. Mwandishi wenu alimalizia kwa kutaka fundi huyo afukuzwe, na kesho yake wasomaji wawili wakamuunga mkono. Mimi nakula kwa kazi hiyohiyo. Huu ni mwaka wa saba naiangalia huduma ambayo watengeneza programu huikabidhi msimbo wao, yaani maandishi yanayounda programu, iujaribu: wanabadilisha mstari, wanatuma, mashine zetu zinaendesha majaribio na kuwaletea jibu, limepita au limekwama. Amri nimekosea mara nyingi na wateja wamenisamehe. Walioondoka kwa hasira ni wale niliowanyamazia.

Nieleze usiku mmoja. Simu ya zamu ililia saa nane na dakika kumi. Nikafungua kompyuta, nikakuta foleni ya majaribio haisogei, ilhali vipimo vyote kwenye skrini ni vya kijani: prosesa zimetulia, kumbukumbu ipo, diski ina nafasi tele. Diski kubwa, yaani. Ile ndogo tuliyoitengea faili za logi, daftari ambamo programu huandika kila inachofanya, hakuna aliyekumbuka kuiwekea kengele. Ilikuwa imejaa asilimia 100, na kila programu yetu ilipotaka kuandika mstari mmoja wa logi ilishindwa, ikaanguka. Kuligundua hilo kulinichukua dakika hamsini. Kulitibu, dakika mbili: nilifuta logi za zamani, foleni ikaanza kutembea.

Dakika zote hizo ukurasa wetu wa hali ya huduma ulikuwa umeandikwa "Kila kitu kiko sawa." Kuubadilisha ni kazi ya kubofya mara mbili. Sikubofya, kwa sababu nilitaka kwanza nijue tatizo ni nini. Nilijiambia nikitangaza sasa nitaulizwa sababu, na sababu sina. Kiburi tu cha fundi.

Asubuhi nikakuta baruapepe ya mteja. Haikuwa na tusi hata moja, na ndiyo maana bado naikumbuka. Aliandika kwamba alikesha akiufumua msimbo wake akidhani kosa ni lake, mwisho akaifuta kazi ya siku mbili ili arudi mahali ambapo majaribio yalikuwa yakipita. "Mngesema tu," alimalizia.

Hapo ndipo kazi yetu inapotofautiana na huduma nyingine. Mtu akikuta tovuti ya habari haifunguki, hulaumu tovuti. Mtengeneza programu hujishuku yeye kwanza, maana amezoea kwamba kosa mara nyingi huwa lake. Ukimnyamazia, anakwenda kubomoa ukuta mzima kutafuta ufa ambao haupo.

Tena tulikuwa tumemdanganya kwa namba. Wasomaji wenu wengi wameiona 404 kwenye kivinjari. Ni moja tu katika namba nyingi ambazo seva, kompyuta inayotoa huduma, hujibu nazo, na zina mpango wake: zinazoanza na 4 humwambia mwombaji "umekosea wewe", zinazoanza na 5 humwambia "nimekosea mimi". Ipo hata 503, ya kusema kwamba huduma haipatikani kwa sasa, na inaweza kuandamana na maelezo ya mwombaji asubiri sekunde ngapi. Sasa, katika msimbo wetu mtu fulani zamani (sitasema nani, ila anaandika barua hii) alitega wavu wa kunasa kila hitilafu na kuirudishia jibu moja: 400, ombi lako lina kasoro. Diski yetu imejaa, mteja anaambiwa ombi lake bovu. Kosa la mistari mitatu, lilikaa miaka miwili bila kuonekana kwa sababu siku za kawaida halikumgusa mtu.

Marekebisho hayo ya mistari mitatu nayaweka juu ya karibu kila kipya tulichowahi kuzindua. Tuliposhika uzi huo tukaendelea nao. Zamani faili la mipangilio likiwa na kosa tulijibu "Hitilafu imetokea." Siku hizi tunajibu: "Mstari wa 14: umetumia kitufe cha tabo kusogeza maandishi, hapa zinakubalika nafasi za kawaida tu." Hakuna aliyetupigia makofi kwa hilo. Wameacha tu kutuandikia.

Mwandishi wenu alisema kampuni kubwa hazivumilii mambo haya. Namkumbusha ya GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo inayotumika dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wao alikuwa amehangaika sana na seva ya pili ya hifadhidata iliyoshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Akafuta saraka (folda ya data) akidhani yuko kwenye ya pili, kumbe yuko kwenye kuu. Alisimamisha amri baada ya sekunde moja au mbili, na kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba, hazipo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata, ikawa inakwama kimya kimya, na baruapepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walipoteza data ya saa hizo sita. Lakini waliyasema yote papo hapo, wakaonyesha kazi ya kurejesha moja kwa moja kwenye YouTube, na fundi hawakumfukuza. Mimi, niliyekuwa mtumiaji tu, nilijua la kufanya usiku ule: kutulia.

Mwezi uliofuata, tarehe 28 Februari, amri iliyoandikwa vibaya iliondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa katika S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data mtandaoni, na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Ubao wao wa kutangaza hali haukuweza kubadilishwa kwa saa mbili hivi kwa sababu nao uliitegemea S3 hiyohiyo. Tuliposoma hayo tulicheka, halafu tukaenda kuangalia wa kwetu unakaa wapi. Ulikuwa kwenye rafu ileile ya huduma yenyewe. Tukauhamisha siku hiyohiyo.

Leo kanuni yetu ni dakika kumi. Ukiwa zamu, kabla dakika kumi hazijaisha unaandika hadharani kwamba kuna tatizo, hata kama hujui jingine lolote. Na kila Alhamisi mmoja wetu huchukua nakala ya akiba ya jana na kuifufua kwenye seva tupu. Alhamisi ya kwanza ilishindikana: ufunguo wa kuifungulia tulikuwa tumeuhifadhi mahali pamoja tu, ndani ya seva ileile tuliyokuwa tukijifanya imekufa.

Kuhusu zile ahadi za asilimia, za huduma kuwa hewani sehemu gani ya mwaka, ambazo makala iliziita uongo, si uongo, ila zipigiwe hesabu. Asilimia 99.9 inaruhusu kuzimika karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 52 hivi. Usiku wangu mmoja wa diski ndogo ungeumaliza mwaka mzima.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika tena kuhusu huduma iliyozimika, mwulizeni mwenye huduma mambo mawili: ilipita dakika ngapi kabla hamjawaambia wateja, na ni lini mara ya mwisho mlijaribu kufufua nakala ya akiba. Jina la fundi waachieni wenyewe.

Fundi wa zamu,
msomaji wenu wa siku nyingi