Barua ya wazi kwa Kamishna wa Usalama na Afya Kazini: foklifti si ngazi

Kwa Mheshimiwa Kamishna,
Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Kampala.

Mheshimiwa, salamu kutoka Namanve, eneo la viwanda nje kidogo ya Kampala. Mimi ni fundi umeme wa viwandani. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wakaguzi wako hawalikuti, maana siku wanayotarajiwa halifanywi: kuinua watu kwa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo.

Taa ya bohari ikiungua huko juu karibu na bati, anaitwa dereva wa foklifti. Meno yake yanaingizwa chini ya paleti, ile fremu ya mbao ya kupangia mizigo, kibarua anapanda na bisibisi mfukoni, anainuliwa. Hakuna reli wala pa kufungia mkanda. Paleti yenyewe imekaa tu juu ya meno. Akiegemea ukingoni inapinduka. Akitafuta pa kushika, kilicho karibu ni mlingoti wenye minyororo, na mashine ikishuka vidole vinabaki humo. Hana kitufe hata kimoja. Uhai wake ameushika dereva ambaye, akitazama juu, anaona mbao za paleti tu.

Jukwaa la kuinulia watu limeundwa kwa kazi hiyo. Anayefanya kazi ndiye anayeliendesha akiwa ndani ya kikapu, reli zimemzunguka, na akizimia au mashine ikikwama, aliye chini ana namna ya kumshusha. La mkasi, lenye vyuma vinavyokunjuka kama mkasi, hupanda wima na linafaa sakafu ngumu, tambarare. La mkono, lenye mkono mrefu wa chuma, hufika juu ya mitambo isiyohamishika, ila humo mkanda wenye kamba fupi ni lazima, kwa sababu gurudumu likitumbukia shimoni kikapu humrusha mtu kama manati. Mabosi husema ni ghali. Si lazima kununua. Hukodishwa, na kazi za juu zikikusanywa zinamalizwa kwa mara moja.

Sisemi mashine ikishaletwa basi tumepona. Sehemu kubwa ya Namanve ilikuwa msitu wa akiba, jirani na kinamasi, na mvua ikinyesha udongo hautabiriki. Juu ya nyua zetu zinapita nyaya za volti 11,000 na 33,000, na kikapu cha kawaida hakimkingi mtu na umeme. Upepo nao: majukwaa mengi ya nje yana kikomo cha mita 12.5 kwa sekunde, kama kilomita 45 kwa saa, na mengine ni ya ndani tu. Dhoruba ya kutoka ziwani haisubiri mtu ashuke.

Sheria tunayo, ya mwaka 2006, na inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake. Tunachokosa huku chini ni maneno ambayo msimamizi wa zamu hawezi kuyakwepa. Toa waraka wa ukurasa mmoja: mtu asiinuliwe kwa paleti, kabisa. Jukwaa lolote likaguliwe na mtaalamu kila miezi 6, kama Uingereza inavyodai kwa vifaa vya kuinulia watu tangu 1998, na cheti kibandikwe kwenye mashine yenyewe, kisifungiwe kabatini. Opereta afundishwe, na aliye chini afundishwe kumshusha mwenzake. Nimeona wengi wanaosimama pale kama wapiga picha. Mafunzo yawe kwa Kiganda na Kiswahili pia. Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini maonyo kwenye mashine zetu bado yanasomwa na meneja peke yake, naye hapandi.

Na ukaguzi ukija, Mheshimiwa, uje bila taarifa, usianzie ofisini kwenye chai na mafaili. Wakaguzi waingie bohari, wanyooshe kidole kwenye taa iliyo juu kabisa, wamuulize kibarua, wala si bosi, ile ilibadilishwa vipi.

Wako katika kazi,
Fundi umeme, Namanve