Taya na maumivu yanayohama: barua kwa Mwanaidi

Ngamiani, Tanga
14 Juni

Mpendwa Mwanaidi,

Barua yako nimeipata, na sikuulizi hali, kwa kuwa kurasa zake tatu zimekwisha kunieleza: sikio la kushoto linalouma ilhali daktari wa masikio hakuona kitu ndani yake, panja linalopwita kila alfajiri, shingo inayokaza mpaka begani, gego lililong'olewa mwezi wa pili na maumivu yakabaki palepale, na sasa kiuno. Unaniuliza kama ni kweli, kama alivyokuambia yule bwana wa meno, kwamba yote hayo yanatokana na taya lisilokaa sawa, na kwamba akiyasaga magego yako manane na kuyavika kofia utapona mpaka kiuno. Jibu langu ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli, na ukweli huo mdogo ndio unaonitia hofu, kwani ndio utakaokufanya uiamini nusu iliyobaki.

Unakumbuka mwaka ule niliposahihisha mitihani mfululizo, nikawa siwezi kupanua kinywa hata kula chungwa? Nilimwendea mganga wa meno nikimsihi aning'oe jino la juu upande wa kulia. Hakuling'oa. Alivaa glavu, akanishika shavu kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, akaubana ule msuli mnene unaotuna mtu anapokaza meno, na papo hapo jino lile likauma kama lililochomwa sindano. Alipoachia, likatulia. Akahamia kwenye panja, akabonyeza, na safari hii yakaitika meno ya mbele, ambayo hayajawahi kunisumbua tangu nizaliwe. Kisha akaniuliza, bila kucheka, kwamba katika meno hayo ningependa ang'oe lipi.

Sababu yake ni hii. Misuli mikuu ya kutafunia ni jozi nne, nayo huendeshwa na mshipa wa fahamu wa tano wa kichwa, ambao ndio huohuo unaopeleka ubongoni habari za meno, uso na sehemu ya mbele ya sikio. Nyuzi zake zinazobeba maumivu haziishii fuvuni, bali hushuka mpaka sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na huko hukutana na nyuzi zinazotoka shingoni na kisogoni, zote zikikabidhi habari zake kwa seli zilezile. Ni kama mitaa miwili yenye balozi mmoja wa nyumba kumi: malalamiko yakimfikia kwa wingi usiku wa manane, huyapeleka juu bila kuandika yametoka mtaa gani, na ubongo hukisia. Ndiyo maana msuli wa shavu ukichoka unaweza kuuma sikioni, na shingo iliyokaza ikauma kichwani. Sikio lako, panja lako, shingo yako na hata lile gego marehemu vinaweza kabisa kuwa watoto wa msuli mmoja.

Kiuno ni habari nyingine. Hakuna njia ya namna hiyo kati ya taya na kiuno, na anayekuchorea mstari ulionyooka kutoka gego mpaka nyonga anachora kitu ambacho mwilini hakimo. Hata hivyo, sisemi kwamba kiuno chako na taya lako havijuani. Marekani walifanya, kuanzia mwaka 2006, uchunguzi mkubwa wa maumivu ya taya uitwao OPPERA, wakawafuatilia kwa miaka kadhaa watu zaidi ya 2,700 ambao mwanzoni mataya yao yalikuwa mazima, ili waone ni nani atakayeugua. Kila mwaka waliugua takriban watu 4 katika kila 100, na waliokuwa katika hatari zaidi ni wale ambao tangu awali walikuwa na maumivu mengine, ya kichwa, ya mgongo, ya tumbo linalosokota bila vipimo kuonyesha kitu, pamoja na wale ambao usingizi wao ulianza kuharibika. Tazama mpangilio huo, Mwanaidi: maumivu ya kwingineko yalitangulia, taya likafuata. Kama yule bwana angekuwa sahihi, ingekuwa kinyume.

Maelezo yanayoniridhisha ni yale yaliyoanza na mtafiti wa maumivu, Clifford Woolf, mwaka 1983, alipoonyesha kwamba uti wa mgongo wenyewe, ukipigwa na habari za maumivu kwa muda, hubadilika ukawa mwepesi kushtuka, kiasi kwamba mguso wa kawaida husomwa kama jeraha. Mtu wa namna hiyo haumwi kwa sababu kiungo kimoja kimevuta kingine, bali kwa sababu kengele nzima ya mwili imelegezwa, na inalia kwa kila upepo. Ndiyo sababu taya, kipandauso, kiuno na tumbo huonekana mara nyingi kwa mtu mmoja, na zaidi kwa wanawake. Hili si sawa na kusema kwamba maumivu ni ya kubuni. Nakuandikia hivyo makusudi, kwa sababu najua umekwisha kuambiwa kwamba ni mawazo tu.

Tatizo la kulaumu meno lina historia ndefu kuliko yule bwana. Mwaka 1934 daktari wa masikio na koo wa St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa 11 wenye maumivu ya sikio na kichwa, akadai kwamba kwa kukosa magego taya lao lilirudi nyuma likabana mishipa ya fahamu. Wachunguzi wa maumbile ya mwili walikuja kuonyesha kwamba mishipa hiyo haibanwi kwa namna ile, lakini fikra ilikwisha kuota mizizi, na vizazi vya wagonjwa wakasagwa meno. Yakaja makubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 huko Marekani watu wengi waliondolewa kile kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo cha taya, mbele ya sikio, wakawekewa cha plastiki ya Teflon. Vipande vyake vilimomonyoka, na mwili katika kupambana navyo ukala mfupa wenyewe, mpaka serikali ikaamuru viondolewe sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadhi yao walikuwa wameingia hospitali na taya linalotoa mlio tu. Mlio mtupu, usio na maumivu wala kukwama, hauhitaji tiba.

Mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya taya uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la udaktari la BMJ la Uingereza unatanguliza mazoezi ya taya, kunyooshwa na kukandwa misuli na mtaalamu, na mafunzo ya kuishi na maumivu bila kuyaogopa; unapinga vikali kutolewa kisahani na kuvaa vifaa vinavyobadilisha mkao wa meno kwa namna isiyorudi. Kofia nane juu ya meno mazima sizioni zikipita katika kipimo hicho, kwa sababu jino likishasagwa halirudi.

Mimi nilifanya machache, na sikupona kwa juma moja. Nilijifunza kwanza kwamba meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa mtu anapotafuna au kumeza, nikabandika karatasi juu ya meza ya kusahihishia yenye maneno mawili, "meno wazi", na aibu niliyoipata ni kuona nilikuwa nimeyakaza kila nilipoitazama. Niliweka kitambaa cha maji ya moto shavuni jioni, nikaacha bigijii, miwa na mahindi ya kuchoma, nikawa nafungua kinywa polepole mbele ya kioo mpaka vidole vitatu vilivyosimama viweze kuingia. Usiku nilivaa kifuniko cha plastiki cha kuvaa na kuvua, ambacho hakinizuii kusaga meno ila kinayalinda. (Bibi yangu alishikilia kwamba anayesaga meno ana minyoo, nikanywa dawa ya minyoo ili kumridhisha.) Usingizi ndio ulionisaidia zaidi kuliko vyote, na ndio uliochelewa kuja. Kaka yako naye, ukipata nafasi, mwambie kwamba kutafuna miraa usiku kucha upande uleule wa shavu, tena kwa bigijii, ni kulifanyisha taya kazi ya kuli. Huenda akakusikia wewe, kwani mimi hanisikii.

Kiuno chako kitafutie daktari wake, tena kipimwe kama kiuno. Na kwa kuwa unaishi na Mama, naomba uyashike haya: taya au kidevu kikimuuma anapopanda ngazi na kupungua akipumzika, hasa kifua kikibana au jasho likimtoka, huo ni moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na haungoji kesho. Maumivu mapya ya panja kwa mtu aliyepita miaka 50, pamoja na taya linalochoka akitafuna, yanaweza kuwa uvimbe wa mshipa wa damu unaopofusha macho kwa ghafla. Na yeyote aliyejikata kisha kinywa kikakaza asitafutiwe mchuaji, apelekwe hospitali, kwani pepopunda huanza hivyo.

Shule zinafungwa mwishoni mwa mwezi. Nitapitia mpakani Horohoro Jumamosi ya kwanza, na nikifika tutakwenda pamoja kwa mganga wa meno mwingine, ambaye tutamwomba jambo moja tu, akubonyeze shavu kabla ya kukupiga picha yoyote. Mpaka hapo, yule bwana asipewe hata shilingi ya amana.

Msalimie Mama sana.

Rafiki yako,
Zuhura