Pindua Kwanza, Shoga Yangu

London,
Jumapili usiku

Shoga yangu wa moyoni,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, mama presha yake imetulia na watoto wote hawajambo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi ndiyo hiyo, bado haijatuachia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nisikujibu kwa sauti, maana haya nataka uyaweke, uyasome tena ukiwa juu darini na tochi yako mkononi. Kumbe arubaini ya bibi imeshapita. Mungu ailaze roho yake pema. Nikifumba macho bado namwona pale ukumbini, mguu mmoja kaukunja, anatukataza tusiguse sahani zake.

Unasema ami zako wanataka nyumba isafishwe kabla ya Ramadhani, na amekuja mtu na gari, kaangalia sanduku la njumu, lile la misumari ya shaba, sahani za ukutani, dele la kahawa na lile kapu la makaratasi, akatoa bei moja kwa vyote, na jibu analitaka Ijumaa. Shoga, nakuomba, Ijumaa ikifika mwambieni bado. Sikwambii msiuze kabisa. Nyumba ni yenu na shida zenu mnazijua wenyewe. Nakwambia msiuze kwa jumla, na msiuze kitu ambacho hamjakipindua.

Huu ni mwaka wa nne nazunguka kwenye masoko ya vitu vya kale huku. Ninapokwenda zaidi ni Kempton Park, kiwanja cha mbio za farasi kusini-magharibi mwa London. Jumanne ya pili na Jumanne ya mwisho ya kila mwezi farasi hawakimbii, wanapanga wauzaji, mamia yao. Wanafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na majira ya baridi saa hiyo bado ni giza totoro. Watu wanapita na tochi, wanamulika chini ya meza, wanamulika ndani ya magari ambayo hayajamaliza kushusha. Wazoefu hawapigi soga. Utasikia kijiko kinagonga kijiko, na mtu anauliza kwa sauti ya chini bei ya mwisho ngapi. Liko soko jingine Newark, huko Nottinghamshire, kwenye ardhi iliyokuwa uwanja wa ndege za kivita, na wenyewe wanalitangaza kuwa kubwa kuliko yote Ulaya. Nilikwenda mara moja, nikarudi miguu imevimba. Kempton yanitosha.

Unajua vitu vile vinatoka wapi? Mzee kafariki, watoto wako mbali, nyumba inatakiwa iuzwe. Anaitwa mtu mwenye lori, anatoa bei moja kwa kila kilichomo, anapakia jioni ile ile. Mazungumzo hayo hayo mnayoyafanya sasa hivi barazani kwenu. Mimi nakutana na vitu hivyo wiki mbili baadaye, vimetandazwa juu ya turubai kwenye umande, na hakuna hata mmoja pale anayejua vilikuwa vya nani.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda kutafuta meza ya jikoni. Nikaona dele. Shoga, dele! Mdomo umepinda kama wa kasuku, shingo nyembamba, tumbo pana. Lilikuwa katikati ya taa za mafuta na koleo za makaa, limefungwa kikaratasi: birika la Kituruki, pauni 40. Nikalishika, nikalipindua. Kitako cheusi kwa masizi, na ubavuni kiraka, lehemu imezunguka ukingo wake kama mshono wa nguo. Dele lile lilikaa juu ya makaa miaka mingi mpaka likatoboka, na mwenyewe akaona bora litiwe kiraka kuliko kununua jingine. Yule mzee aliyekuwa akiuza akaniomba radhi kwa kiraka. Kwake ni kasoro, akateremka mpaka pauni 25. Nilipokwisha kumlipa nikamwambia jina lake. Akalirudia polepole, dele, akachomoa kalamu akaliandika kwenye daftari lake. Sasa liko hapa dirishani kwangu. Sijalisugua, na wala sitalisugua.

Wale wauzaji wanajua vyombo vya fedha vya Kiingereza na saa za Uswisi kuliko nitakavyojua mimi maishani mwangu. Lakini vitu vya pwani yetu wanavipita, maana hawana majina yake. Maofisa wa kikoloni walirudi navyo, vikakaa vyumbani miaka sitini, na leo wajukuu wao hawajui mbuzi ya kukunia nazi ni kitu gani. Nimeona moja imeandikwa kigoda cha mtoto. Mimi na wewe tumelelewa navyo. Huo ndio mtaji wetu, shoga, na hauuzwi katika duka lolote.

Aliyenitia tabia ya kupindua ni bibi mmoja wa Kiingereza muuza sahani, mwenye glavu zilizokatwa vidole. Sahani haiangalii uso kwanza. Anaipindua, anapapasa ukingo wa chini kwa kidole gumba, ndipo anaigeuza aone maua. Alinifundisha kwamba sahani yenye jina la nchi nyuma kwa kawaida ni ya baada ya 1891, maana mwaka huo Marekani ilianza kutaka bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, na viwanda vya Ulaya vikafuata. Ikiwa imeandikwa “Made in”, basi aghalabu ni ya karne ya 20. Sasa zile sahani za bibi, zile zenye maua ya buluu na nyekundu: zishushe moja moja, uweke mto chini, uzipindue. Viwanda vya Maastricht, Uholanzi, kile cha Petrus Regout na kile cha Société Céramique, vilikuwa vikiuza sana mabakuli na sahani pwani yetu. Chapa ya Regout ina sanamu ya Misri, simba mwenye kichwa cha mtu. Ukiiona, nipigie simu hata kama ni usiku wa manane.

Sanduku nakuelezea kwa uchungu, maana mimi nimeshaumia. Mwaka juzi, kwenye mnada wa mkoani, niliona sanduku la njumu, shaba inang'aa, droo tatu chini. Muuzaji akaniambia lina miaka 150 na lilitoka Zanzibar. Nikasikia Zanzibar, moyo ukaruka, nikatoa pauni 480 bila kuinama. Nyumbani tukalilaza ubavu mimi na jirani yangu. Chini yake plaiwudi. Nyuma ya bawaba, skrubu zenye kichwa cha alama ya jumlisha. Skrubu za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930, hapo miaka 150 itatoka wapi? Mbao zilipakwa rangi zionekane za kale, na njumu zilikuwa za juzi: ukiing'oa moja, mti chini yake mweupe kabisa. Shaba iliyokaa miaka mingi huacha duara la rangi kwenye mti, kama pete inavyoacha alama kidoleni. Nililia, shoga. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba jina la kwetu ndilo lililotumika kunipofusha.

Kwa hiyo la bibi lipindueni. Waite vijana wawili, mtoe droo zote kwanza, mlilaze juu ya mkeka. Angalia mbao za chini: kama ni msaji, yaani mtiki, ni nzito na zina mafuta mafuta, na alama za randa ya mkono hazilingani. Usivunjike moyo ukiambiwa halikutengenezwa Unguja. Mengi tunayoyaita ya Zanzibar yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay, na hayo ndiyo yanayotafutwa. Ukishafungua kifuniko, upande mmoja kuna kisanduku kidogo kilichojengewa humo humo. Chomoa ubao wake wa mbele, uuvute juu. Masanduku mengi yana droo za siri nyuma yake. Bibi alikuwa na siri zake, Mungu amrehemu. Fungua wewe kabla hajafungua mwingine.

Kapu la makaratasi ndilo linaloninyima usingizi. Huyo mtu wenu kalitaja mwisho, kama kitu cha kutupa, sivyo? Sikiliza. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kwenye maonesho ya kadi za posta, katika ukumbi wa hoteli hapa London. Meza ndefu, masanduku kama ya viatu, kadi zimesimama zimegawanywa kwa nchi. Unakaa, unazipekua kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Kwenye sanduku la Afrika, nyuma ya Mombasa, Beit el Ajaib, lile jumba la masultani wa Unguja, ikatokeza. Picha ya kahawia, mnara umeungana na uso wa jumba, ngalawa mbili ufukweni. Mtu kaandika kwa wino juu ya mbingu na juu ya maji, mistari imejipenyeza mpaka kwenye madirisha.

Nikaigeuza. Nyuma hakuna mstari wa kugawa, ni mahali pa anwani tu. Ndiyo sababu kaandika juu ya picha! Uingereza iliruhusu kugawa mgongo wa kadi mwaka 1902, barua upande mmoja na anwani upande mwingine, na nchi nyingine zikafuata. Kadi isiyogawanywa ni ya kabla ya hapo au miaka michache tu baadaye. Na picha yenyewe haiwezi kuwa ya kabla ya Agosti 1896, maana mpaka Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 mwezi ule mnara wa zamani ulikuwa umesimama peke yake upande wa baharini, na huu mpya wa saa ukajengwa ukiungana na uso wa jumba baada ya pale. Nikafanya hesabu hizo kimya, mkono unatetemeka. Maneno yenyewe ni ya kawaida: amefika salama, joto kali, atumiwe soksi nyembamba. Nilikumbuka ile tarehe 25 Desemba 2020, uliponipigia simu huku unalia, upande wa mbele wa jumba hilo hilo umeporomoka na watu wawili wamepoteza roho zao. Nilikuwa nimesimama jikoni, sikuweza kusema kitu. Kadi ile nimelipa pauni 18. Wangetaka 80 ningetoa.

Basi kapuni mwa bibi mna nini? Picha za harusi, bahasha zenye stempu, risiti za karafuu? Geuza kila picha. Wapiga picha wa Mji Mkongwe, kina Gomes na Coutinho, walikuwa wakiweka jina la studio kwenye kadi. Hilo jina, pamoja na maandishi ya bibi nyuma ya picha, ndiyo yatakayosema ni nani huyo aliyesimama.

Pochi ya sarafu usiipeleke kwa sonara. Riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za Austria, zimeandikwa 1780 zote, lakini ziliendelea kugongwa kwa mwaka huo huo karne mbili zilizofuata, Vienna, Bombay, London na kwingineko, mwaka usikubabaishe. Kama kuna senti kumi ya tundu ya 1936, itafute iliyoandikwa jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza. Aliacha ufalme Desemba mwaka ule kabla hajavishwa taji, na sarafu zikawa zimeshagongwa. Bei yake ni ndogo, zilitolewa kwa mamilioni. Lakini 1936 ndio mwaka Zanzibar ilipoacha rupia ikaingia kwenye shilingi, huenda ndizo za kwanza bibi kuzishika akiwa mtoto. Moja niwekee mimi.

Bangili za pembe, kama zipo, zibaki za familia. Huku sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu isipokuwa kwa ruhusa maalumu chache. Mtu akikwambia atakupelekea Ulaya uuze, mkatalie.

Na jambo la mwisho, chukua daftari ukae na ami yako mkubwa. Kila kitu, andika bibi alikipata kwa nani, lini, kwa harusi gani. Hapa Bermondsey kuna soko la Ijumaa alfajiri ambapo zamani, ukinunua kitu kwa nia njema kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, kilikuwa chako kwa sheria hata kama kiliibwa. Sheria hiyo ilifutwa, mwisho wake Januari 1995. Siku hizi mnunuzi wa maana anauliza kwanza kimetoka wapi. Sanduku lenye hadithi iliyoandikwa na sanduku bubu, bei zake haziko pamoja. Na hata msipouza, watoto wako watasoma.

Nitumie picha mchana, mlango wa uwani ukiwa wazi, kuna mwanga mzuri pale. Nataka migongo na vitako. Nyuso za vitu hivyo nazikumbuka zote. Mimi keshokutwa naamka saa kumi alfajiri kwenda Kempton, nitakuwa naangalia simu kila nikipata nafasi.

Nisalimie mama, mwambie dua zake nazihitaji. Na lile kapu litoe sakafuni leo hii, kabla hujalala, liweke juu ambako panya hafiki.

Wako akupendaye,
Shoga yako