Kwa shoga yangu, kabla hujaanza dawa

Shoga yangu wa damu,

Vipi hali, na shemeji anaendeleaje? Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza kama embrio, yaani ile mimba changa ya maabara, tayari ipo, imeshatengenezwa na imekaa kwenye friza, sasa mavidonge yote haya ya nini, na mama mkwe naye anakwambia unajimaliza na makemikali. Nakujibu kwa kirefu mana nataka uende kiliniki ukijua unachokifanya, sio kumeza tu kwa sababu umeambiwa meza.

Ni hivi. Mwezi wa kawaida yai likishatoka, kile kifuko lilimotoka kinabaki kwenye ovari na ndio kinaanza kutoa projesteroni, homoni ya kushika mimba, na hiyo projesteroni ndio inaugeuza ukuta wa mji wa mimba uweze kupokea mimba na kuishika. Sasa kwa huo mpango waliokuandikia wewe yai halitoki kabisa, kifuko hakuna, yaani projesteroni yote mwilini mwako ni ile utakayojiwekea mwenyewe asubuhi na jioni. Sio nyongeza, sio vitamini, ndio yenyewe hiyo. Mwambie mama mkwe hivohivo, kwa heshima zote.

Utaanza na estrojeni, hiyo Progynova, wengi wanapewa miligramu 6 kwa siku, kazi yake kunenepesha ukuta. Baada ya kama wiki mbili wanakupiga ultrasaundi, wanataka angalau milimita 7 na ule mwonekano wa mistari mitatu. Wakikwambia bado, subiri siku kadhaa, usilie, embrio iko kwenye nitrojeni ya maji nyuzi 196 chini ya sifuri, haizeeki, itakungoja. Ila kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au una kipandauso kile kikali, sema kabla ya kidonge cha kwanza, wasipokuuliza sema tu.

Alafu ndio projesteroni, na hapa saa inahesabiwa kwelikweli. Embrio ya siku 5 inawekwa baada ya siku 5 za projesteroni, ili ukuta na embrio viwe na umri mmoja, kwa hiyo ukianza mapema au ukichelewa umeharibu hesabu yote. Mimi niliweka alamu ya simu saa 12 asubuhi na saa 12 jioni na jioni mara nyingi ilinikuta kwenye daladala Mbagala, nashuka kituo kinachofuata natafuta choo cha duka la dawa. Zile Cyclogest, projesteroni ya kuingiza ukeni, zinayeyuka ndani alafu zinatoka kama nta nyeupe, utadhani dawa yote imemwagika, hapana, dawa imeshaingia, kinachotoka ni yale mafuta yake tu, vaa pedi nyembamba basi. Na joto la Tanga unalijua, zisizidi nyuzi 30, ukisafiri na basi kuja Dar usiziache kwenye begi la chini kwenye buti.

Kuna na sindano, projesteroni iliyo kwenye mafuta, ya kwenye msuli. Inauma, sikufichi. Mafuta yenyewe mazito, tulikuwa tunakipasha kichupa kwapani kwanza ndio nachomwa, taratibu, alafu nakandwa kwa kitambaa cha moto, bado ilibaki vinundu makalioni muda mrefu. Waambie kama una mzio wa ufuta au karanga, mana mengine yanatokana na hivo. Lakini usiikatae kwa sababu ya maumivu tu. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021, wanawake zaidi ya 1,000, waliotumia za ukeni peke yake walipata watoto wachache kuliko waliochoma sindano au waliochanganya, mimba zilikuwa zinaharibika zaidi. Kwa hiyo muulize daktari, je tutapima projesteroni kwenye damu siku ya kuweka embrio? Ikiwa chini wataongeza nini? Wengi wanapenda iwe karibu nanogramu 10 au zaidi kwa mililita moja ya damu.

Na kuna swali jingine nakuomba sana ulipeleke, mana wewe siku zako hazikosei hata kidogo. Uliza kama inawezekana kuwekewa kwenye mzunguko wa asili, yai lako litoke lenyewe na kifuko kifanye kazi yake, wakupe projesteroni kidogo tu ya kusaidia. Wanawake wanaopata mimba kwenye mzunguko wa dawa tupu wameonekana kupata presha na kifafa cha mimba zaidi, na mama yako presha imemsumbua tangu tuko shule. Inaweza isiwezekane, ila swali liulizwe.

Ukishawekewa, kulala chali siku nzima hakusaidii, tembea, pika, nenda kazini. Matiti yatauma, usingizi, tumbo kujaa, choo kigumu, zote hizo projesteroni inaleta yenyewe, mimba iwepo isiwepo, kwa hiyo usijisomee dalili usiku kucha. Na hili ndio kubwa kuliko yote niliyoandika: ukiona damu, au kipimo cha mkojo kikasema hapana, USIACHE DAWA. Piga simu kiliniki, upimwe damu. Mimi nilitokwa na uchafu wa kahawia kabla ya kipimo, nikaendelea na dawa huku natetemeka, na huyu anayenivuta gauni saivi nikiandika ndio yeye.

Wakisema ipo bado unaendelea, mara nyingi mpaka wiki ya 10 hadi 12, mana kondo la nyuma ndio linachukua kazi ya kutoa homoni polepole kuanzia kama wiki ya 7, na kabla halijashika vizuri unachokitegemea ni dawa. Kwa hiyo bajeti ya dawa ipige mpaka huko, sio mpaka siku ya kipimo, na nunua mapema mana kuna wiki Cyclogest inaadimika madukani.

Ukija Dar unafikia kwangu, hoteli ya nini. Nipigie picha karatasi ya dawa waliyokupa unitumie leoleo nione saa walizokuandikia, na ultrasaundi ikishapangwa niambie tarehe niombe ruhusa kazini twende wote.

Wako, mama Nasra