Rili ya dhahabu haiguswi msasa

Watamu, mwishoni mwa Septemba

Ndugu yangu Shee,

Assalaam aleikum warahmatullah. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, mguu wake umepungua uvimbe na ameanza tena kugombana na wauza samaki, kwa hiyo jua amepona. Kusi bado inavuma kidogo jioni lakini bahari imeanza kulainika, na watu washaanza kukwangua boti zao. Nisikuchoshe kwa salamu. Ujumbe wako wa sauti niliupata, ule wa "itoe mikwaruzo yote, ing'ae kama mpya, nataka kuiuza kabla ya kaskazi." Niliona jibu lake haliwezi kukaa kwenye simu, na kwa kuwa Swaleh anarudi huko Maskati wiki hii, nimeona bora nikuandikie.

Kwa ufupi: rili zako mbili za kuvulia, ile ndogo nimeisafisha. Ile ya dhahabu nimeisafisha pia, lakini mikwaruzo sijaisugua, na sitaisugua mpaka unisikilize.

Kwanza ujue ilivyotokea, maana najua umeshaambiwa maneno mengine. Stoo ilipovuja wakati wa masika, mtoto wa Kombo ndiye aliyehamisha vitu. Rili zako mbili alizitia gunia moja na mnyororo wa nanga. Gunia moja! Kombo mwenyewe anasema ni chumvi ya bahari tu, ati rili zote za zamani huwa hivyo. Sikumjibu. Wewe unamjua Kombo, ukimjibu unakesha.

Sasa hii ya dhahabu, rili yako ya kampuni ya Penn, ile International 80. Umeivulia miaka na miaka, lakini sidhani uliwahi kujiuliza ule udhahabu umetoka wapi. Si rangi ya kupakwa kwa brashi. Ile ni alumini iliyotumbukizwa kwenye tindikali ikapitishiwa umeme, mpaka uso wake ukageuka ngozi ngumu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Rangi ikanyonywa na vile vitundu, kisha vikazibwa. Ngozi za namna hiyo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 10 hadi 25 hivi, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Nywele zako, hizo chache zilizobaki, ni nene zaidi.

Basi mkwaruzo uliopasua ngozi hiyo ukafika kwenye alumini, utautoaje kwa kusugua? Ili ufute bonde lazima upunguze kilima, na kilima ndicho chenye dhahabu. Ukimaliza una rili nyeupe, laini, iliyo uchi mbele ya maji ya chumvi. Kuna fundi Malindi, simtaji, aliniambia nimpe nusu saa tu na mashine yake ya kung'arishia, itameta mpaka nijione uso. Nikamwuliza, na dhahabu? Akasema, "Dhahabu ya nini, kwani wavaa shingoni?" Nikaibeba rili yangu, yaani yako, nikaondoka.

Ati wengine wanasema ichunwe ngozi yote kwa dawa, kisha ipikwe upya kwa umeme. Huku sijaona wa kuipika. Na hata angekuwapo, dawa ya kuchuna hula na chuma chenyewe kidogo, kile kitundu beringi inapokaa kinapanuka, beringi inacheza. Utakuwa na rili nzuri ya kuweka juu ya kabati.

Lakini usife moyo, kuna habari njema, nayo imenishangaza hata mimi. Sehemu kubwa ya ile uliyoiona kwenye picha haikuwa mikwaruzo. Ngozi ile ni ngumu kuliko chuma cha mnyororo. Mchanga unaogandishwa kwenye msasa mwingi ni kitu hicho hicho. Kwa hiyo mnyororo ulipopita juu yake, mara nyingi ni mnyororo uliochubuka ukaacha alama yake pale, kijivu, na rangi ya boti ikaacha ya kwake, nyeupe. Niliifungua kwanza, nikatoa ngoma inayozungushiwa mshipi, nikaziba beringi kwa kitambaa ili uchafu usiingie. Kisha maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu, polepole. Mistari ikaanza kuondoka mmoja mmoja. Pale chumvi ilipoganda kandokando ya skrubu nilitia siki niliyoizimua kwa maji, nikasuuza haraka kabla haijazoea. Steel wool, yale manyoya ya chuma ya kusugulia sufuria, sikuigusa, na yeyote akikwambia uitumie mkatae, ile huacha vumbi la chuma, na vumbi likipata maji ya bahari una kutu juu ya rili isiyojua kutu.

Iliyobaki ni mikwaruzo ya kweli, mitatu au minne, ubavuni upande wa mkono wa kuzungushia. Inaonekana, siwezi kukudanganya. Pale alumini iko wazi, na jirani yake kuna skrubu ya chuma cha pua. Ukivikutanisha hivyo viwili na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa ule unga mweupe. Kwa hiyo niliikausha juani, nikaipangusa kwa spiriti, nikaziba kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Ndiyo, ya kucha. Usicheke. Nilikwenda kuinunua pale Timboni na binti wa dukani akaniuliza ni ya mke wa kwanza au kuna mwingine njiani. Mpaka Zainabu alipopata habari, duka zima lilishanioza.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma, maana wewe na huyo mnunuzi wako mnatazama ubavuni, na hasara haiko ubavuni. Iko kwenye ukingo wa ngoma. Nilichukua pamba kidogo, nikaizungusha taratibu kwenye ukingo ule. Pamba ikanasa. Jicho halioni kitu, kidole hakisikii kitu, pamba inanasa. Kaembe kadogo, pengine kalipigwa na pini ya ule mnyororo. Fikiria nduwaro ameshika, breki ya rili imekazwa, mshipi unatoka mbio huku unalamba ukingo huo. Ungekatika, nanyi mngelaumu mshipi. Ungebadilishwa mshipi, ukatike tena.

Pale peke yake ndipo nilipotia msasa. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, nikifuata mzunguko wa ngoma wala si kuukata, kidogo tu mpaka pamba ikapita bila kunasa. Nikamalizia kwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, na kitambaa, nikaosha, nikapaka nta ya gari. Kimebaki kikucha cheupe kwenye ukingo, dhahabu imetoka hapo. Hicho nakubali kukilipa. Chembe ya urembo ipotee, samaki asipotee.

Ile ndogo, Senator ya marehemu babako, haikunisumbua. Zile pete zake ni shaba iliyovikwa kromu, na kromu nayo ni utando mwembamba mno, kwa hiyo msasa mwiko. Nilikunja karatasi ya foili, ile ya kufungia vyakula, nikailowesha maji na kusugua. Foili ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi, na madoa yakatoka. Pale kromu ilipokwisha na shaba ikaota ukijani nilitumia ndimu, kama nyanya alivyokuwa akitufanya tusugue sinia zake kila kabla ya Idi. Unakumbuka vidonda vya vidole? Kisha maji mengi, kisha nta. Haijawa mpya. Imekuwa nzee iliyooga.

Huyo mnunuzi wako, mzungu wa Kilifi, nilikutana naye. Ni mtu wa kukusanya, si mvuvi tu, alinihutubia habari za Otto Henze aliyeanzisha kampuni ya Penn huko Philadelphia mwaka 1932 kama anayemzungumzia mjomba wake. Wala hakuniuliza ina mikwaruzo mingapi. Aliuliza kama imewahi kupigwa mashine. Nikamwambia haijapigwa. Uso ukamng'aa. Unaona sasa? Ningekutii ungepoteza bei.

Lakini Shee, hapo ndipo ninaposhindwa kukuelewa. Hii ndiyo rili aliyokupa yule mzee wa Kijerumani siku ile, mbele ya gati nzima, na wewe ukasema hata ukifa itagawiwa kwenye mirathi. Mimi nilikuwepo. Sasa unataka itoke mikononi mwako kabla ya kaskazi, msimu wenyewe, na sauti yako kwenye ule ujumbe ilikuwa… sijui. Labda ni simu.

Ni ada ya mtoto? Ni kule kazini hawajakulipa? Au umeamua tu kwamba hutarudi baharini, na hukutaka kusema? Kama ni pesa, kiasi gani? Tuna kitu kidogo kwenye chama, na Kombo ana deni la gunia lake, tunaweza kumkumbusha kwa upole wa Kombo mwenyewe. Je, umemwambia mama? Maana ameniuliza mimi kwa nini rili zako zimelala mezani kwangu, nikamwambia nazipangusa vumbi, na unajua haniamini hata nikimwambia kumekucha.

Na kama bado unataka kuuza, nimpe ile ya dhahabu peke yake au na ya babako? Hiyo ya pili ningekuomba usiiuze, lakini ni yako. Kuna neno lolote ulilomwahidi huyo mzungu juu ya bei?

Swaleh akirudi mwezi ujao mpe grisi ya breki, ile maalumu, huku ninayopata ni ya magari. Na kitambaa cha kufunikia rili ukikiona sokoni Matrah, viwili. Pesa nitampa mama.

Nijibu kwa sauti au kwa maandishi, lakini nijibu wewe mwenyewe, usimtume Swaleh aseme.

Wasalaam,
Athman