Barua kwa mwanangu: mkanda wa kifuani

Mwanangu,

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili. Unataka kujua kama farasi wako anahitaji mkanda wa kifuani kabla hamjaanza mbio za nyika za kuruka vizuizi, na sababu uliyonipa ni kwamba wenzako wote wanao. Nakuelewa. Hata kwenye mashindano ya nyota tano, ngazi ya juu kabisa, ambako farasi hukimbizwa mita 570 kwa dakika, utawaona farasi wengi wameufunga. Lakini kanuni zinakulazimisha wewe mpandaji uvae kofia ngumu na kizibao cha kinga. Mkanda wa farasi umeachwa kwenye busara ya mwenye farasi. Basi tuitumie hiyo busara.

Kazi ya mkanda ni moja: kuzuia tandiko lisirudi nyuma. Nilipokuwa na umri wako sikulitilia maanani jambo hilo. Tulipanda kilima kwa kasi, tukaruka vizuizi viwili, na tandiko likawa linarudi kidogo kidogo bila mimi kuhisi. Mkanda wa tumbo, ule unaolishikilia tandiko, ukahama kutoka nyuma ya viwiko, mahali penye mfupa wa kuushikilia, ukafika kwenye tumbo laini. Farasi akashtuka, akaanza kurusha miguu ya nyuma. Nilivunjika mtulinga. Yeye hakuwa na kosa lolote, na ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Sasa mtazame farasi wako ukiwa umesimama ubavuni mwake. Ana mabega mapana, kisha mbavu zinapungua kuelekea nyuma, na tangu aanze mazoezi makali tumbo limepanda. Mwili wa namna hiyo hulisukuma tandiko nyuma. Farasi mwenye mbavu za mviringo na kinundu cha mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, kilichoinuka vizuri anaweza kumaliza miaka yake yote bila mkanda, na kumfungisha ni kumwongezea kitu cha kumchubua tu.

Hata hivyo usiamue kwa macho peke yake. Chukua chaki, weka alama kwenye manyoya mahali tandiko linapoanzia. Panda kilima kwa kasi, ruka vizuizi vichache, shuka, uangalie. Angalia na nguo iliyo chini ya tandiko pia, maana mara nyingine ni hiyo iliyoteleza na tandiko liko palepale.

Likiwa limerudi, jiulize kwanza uliliweka wapi. Farasi anaponyoosha mguu wa mbele, ncha ya juu ya mfupa wa bega lake huzunguka kurudi nyuma. Ukiwa umeliweka tandiko mbele mno, bega litalisukuma kila hatua, na mkanda utakuwa unalivuta lirudi palepale panapomuumiza. Nimeona farasi wazuri wakianza kukataa kuruka kwa sababu hiyo, wakaitwa wakaidi. Kwa hiyo fundi wa tandiko alikague kwanza. Mkanda haulifanyi tandiko baya kuwa zuri.

Fundi akisema limekaa sawa na chaki bado inasema limehama, nunua. Mimi ningekuchagulia ule unaozunguka mabega, ukakutana kifuani kwenye pete, kisha ukapita katikati ya miguu ya mbele hadi mkanda wa tumbo. Ule unaokatiza kifua moja kwa moja hushika kwa nguvu zaidi, lakini ukipanda juu unabana koo la hewa, na ukishuka unagonga ncha ya bega wakati wa kuruka. Unahitaji mkono uliozoea.

Ukiufunga, ngumi yako ipite kifuani na kiganja kipite juu ya kinundu. Halafu mwache ainamishe kichwa mpaka kwenye majani, kisha uinue miguu yake ya mbele mmoja mmoja na kuivuta mbele. Kama kuna mahali panakaza, legeza tundu moja. Farasi huruka kwa kushusha shingo na kukunjua mabega, na mkanda uliobana unamfanya aruke kwa woga. Angalia pia zile pete za mbele ya tandiko unakoufungia. Nyingine zimeshonwa kwenye ngozi tu na hung'oka zikivutwa. Unataka zile zilizoshikwa kwenye kiunzi chenyewe.

Kuna faida moja nyingine ambayo naipenda. Mkishuka kizuizi kinachoingia majini, una kitu cha kushika badala ya kumvuta mdomo. Kwa hilo, hata kamba ya ngozi shingoni mwa farasi inatosha, na ningependa uwe nayo kuanzia leo, mkanda uwepo au usiwepo.

Siku za mazoezi ya kawaida uwanjani, mvue mkanda. Na baada ya kila mbio pitisha kidole kila mahali mkanda ulipogusa. Ukikuta manyoya yamesuguka, weka ngozi ya kondoo kabla hajapata kidonda.

Chaki nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ukitoka kilimani Jumamosi, niandikie tandiko limesogea vidole vingapi.

Mama yako