Pimeni RAM kabla ya kututupisha kompyuta

Mhariri,

Nachapia watu barua na maombi ya kazi hapa Langoni, Lamu. Kompyuta yangu ya mezani ilipoanza kukwama na kuingia skrini ya buluu ya hitilafu kila mara, fundi alinambia ninunue nyingine. Roho iliniuma. Nikaweka Memtest86+, programu ya bure ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kwenye flashi, nikaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, ikapima usiku kucha. Asubuhi, makosa tele, na hata moja si la kupuuzwa. Nikapima vibao viwili vya RAM kimoja kimoja, tundu lile lile. Kimoja kilikuwa kibovu, hata baada ya kufuta meno yake yanayoingia tunduni kwa raba (hewa ya chumvi hapa haina huruma). Nilinunua kibao tu. Mafundi wetu, tafadhalini, pimeni kwanza.

Mpiga chapa,
Langoni, Lamu